Kovu la Mkono Wangu wa Kulia



Mwaka jana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, sisi wageni tulipangwa mstari mbele ya ukumbi ili wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili wapite wakitusalimu kwa mkono. Walipita mmoja mmoja kwa adabu nzuri. Kijana mmoja mwembamba aliponifikia alikunja ngumi, akanipa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu atokaye shambani na mikono yake ina matope. Lakini sikuona matope. Nikaushika mkono wake taratibu, naye akataka kuuvuta. Nikamwambia, "Usiogope, mdogo wangu," kisha nikamwonyesha mkono wangu mwenyewe.

Juu ya mgongo wa mkono wangu wa kulia, karibu na kidole cha shahada, pana kovu jeupe lenye ukubwa kama wa punje ya hindi. Watu wengi huniuliza kama niliungua jikoni, nami huwajibu kuwa ndiyo, ili maneno yaishe. Mhariri alikuwa ameniomba niandike habari za kazi yangu ya uhasibu. Anisamehe. Habari ya kovu hili itawafaa zaidi wavulana kuliko vitabu vya mahesabu.

Ilianza mwaka 2011, nilipokuwa kidato cha pili. Kando ya ukucha wa kidole changu cha kati paliota kitu kidogo kigumu, rangi yake kama ya ngozi, na juu yake kimekwaruzakwaruza kama ganda la nanasi. Hakikuuma. Nalikuwa na tabia mbaya ya kung'ata kucha, hasa wakati wa hesabu, na kitu kile nacho nikawa nakitafuna. Baada ya majuma machache kikawa na wadogo zake wawili. Hata muhula ulipokaribia kwisha nilihesabu kumi na kimoja, saba mkono wa kulia na vinne mkono wa kushoto. Zilikuwa chunjua. Siku hizo sikulijua jina hilo la Kiswahili. Nilijua tu kwamba mikono yangu imeharibika.

Sasa yafaa mjue kwamba nalikuwa mmoja wa wagawaji wa chakula. Ninyi mliokaa bwenini mnaelewa maana yake. Mgawaji hushika upawa, na mwenye kushika upawa ana marafiki wengi. Mimi nilikuwa naugawa ugali, yaani posho kama tunavyoiita huku kwetu Uganda, na mwenzangu aligawa maharagwe. Mistari ilikuwa miwili. Siku moja niliona mstari wangu umekuwa mfupi. Siku ya pili ulikuwa mfupi zaidi. Siku ya tatu wavulana walisimama wote upande wa pili, mstari ukafika mpaka kwenye tangi la maji, na mbele yangu hapakuwa na mtu hata mmoja, na posho inapoa. Hakuna aliyenitukana. Ningalitukanwa, ningalijibu.

Maneno yalikuwa mengi, nami niliyasikia kwa vipande. Wengine walisema nimeshika chura. Yakini nalikuwa nimeshika chura, darasa zima lilimshika katika chumba cha sayansi, na wao pia! Mwingine alisema nimehesabu nyota. Hayo yote ningeyacheka. Lakini lilikuwapo neno moja lililosemwa kwa sauti ya chini, tena baada ya taa kuzimwa: kwamba ninao "ugonjwa ule". Kila mtu alijua ni ugonjwa gani. Baba yangu alikuwa amefariki nilipokuwa mdogo, na wavulana walikuwa wamekwisha kuvijumlisha viwili hivyo na kupata jibu. Lililo baya zaidi ni kwamba nami nilianza kulipata jibu lile lile. Nililala macho usiku nikijipapasa mikono chini ya blanketi, nikihesabu kama kumezidi.

Nilibakiwa na rafiki mmoja. Sitamtaja jina, kwa kuwa leo ni mtu mwenye heshima zake na gazeti hili hulisoma. Alikuja kitandani kwangu jioni ya Jumamosi, ana kichupa mfukoni. Alikuwa amekwenda gereji ya mjini kuomba maji ya betri. Alisema shangazi yake alimwona mtu aliyepona kwayo. Tukaenda nyuma ya mabafu. Alichovya kijiti cha kiberiti, akatia tone moja juu ya chunjua iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mwanzo nilisikia joto tu, tukacheka. Kisha lo! Niliuma shati langu nisije nikapiga kelele, naye maskini akakimbia kuleta maji kwa kopo la plastiki, akajikwaa, yote yakamwagika, akarudi tena bombani. Usiku ule mkono ulivimba. Asubuhi ngozi ilikuwa nyeusi, na chini yake kidonda.

Nesi wa shule alinigombeza kama mama, akaniosha, akanifunga bendeji. Kidonda kilikaa mwezi mzima. Kilipopona, kumbe chunjua yenyewe ilikuwa imerudi, tena imeota kwa kuzunguka kovu, mfano wa pete. Nesi alipoiona alitikisa kichwa. Alisema, "Kwa hili mimi sina dawa hapa. Utafute daktari wa ngozi." Nikamwuliza yuko wapi. Hakuweza kuniambia.

Likizo ilipofika nilimweleza mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa dereva wa lori akipakia vitunguu kutoka Mbale kwenda Kampala. Mjomba si mtu wa maneno mengi. Aliigeuza mikono yangu, akasema, "Haya, mjomba, tutamtafuta." Nasi tulimtafuta kweli. Kwanza tulikwenda duka la dawa, tukapewa tyubu ya dawa ya choa, nikaipaka majuma matatu bila faida yoyote, maana choa ni ukungu, na changu hakikuwa ukungu. Pili tulimwendea mtu aliyesimama kwenye kituo cha mabasi na kipaza sauti, ambaye dawa yake moja ilitibu presha, minyoo, na mke asiyesikia. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema dawa ya namna hiyo ingefaa kwa lori lake, akanivuta tukaenda zetu. Tatu, katika kliniki moja ya watu binafsi, tuliambiwa ninahitaji sindano kumi, na bei yake ilitajwa kabla ya mtu yeyote kuitazama mikono yangu. Mjomba alishukuru kwa heshima, tukatoka.

Aliyetuonyesha njia alikuwa mwanamke aliyekuwa akiuza vitunguu sokoni, ambaye mtoto wake ana ualbino. Alisema kuwa katika hospitali moja kubwa iko siku maalumu ya watu wa ngozi, naye humpeleka mtoto wake kila baada ya miezi michache. Basi alfajiri ya siku hiyo niliketi juu ya magunia, tukapita Iganga, tukavuka Mto Nile pale Jinja, tukapita katika msitu wa Mabira kungali na ukungu, na saa tatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi.

Benchi lile silisahau. Nilikuwa nimezoea kuificha mikono yangu kwapani, nami nilikaa hivyo. Kisha nikatazama kulia na kushoto. Palikuwa na mama mwenye mtoto aliyejaa upele, na watoto wake wengine wawili nao wanajikuna. Palikuwa na msichana mmoja aliyejifunika uso kwa kitenge, na alipokifunua kidogo nilielewa kwamba aliharibiwa na krimu za kung'arisha ngozi. Palikuwa na mzee aliyepoteza vidole kwa ukoma wa zamani, uliokwisha kutibiwa. Mzee yule aliniomba nimfungulie chupa yake ya maji. Hakutazama mikono yangu hata kidogo. Nikaitoa kwapani, nikamfungulia.

Aliyenipokea ndani alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani. Nilimwita daktari, naye akanisahihisha kwamba yeye ni afisa tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi kwa miaka miwili huko Moshi, Tanzania. Baadaye nilipata kujua zaidi habari za mahali hapo. Katika hospitali ya KCMC, chini ya mlima Kilimanjaro, kilifunguliwa mwaka 1992 chuo cha kanda cha kufundisha magonjwa ya ngozi. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache mno katika nchi zetu, nao hukaa miji mikubwa. Kwa hiyo pale Moshi huwachukua maafisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, wakawafundisha kazi hiyo, kisha wakarudi makwao. Mtu anaweza kumtafuta daktari bingwa mwaka mzima, kumbe karibu naye yuko mmoja wa hawa.

Aliosha mikono yake, akaikausha, akaushika mkono wangu. Aliushika wote, kwa mikono yake miwili. Ilikuwa miezi minne tangu mtu aniguse hivyo, na nasema bila haya kwamba macho yalinilenga machozi, nikajifanya natazama dirishani.

Alichukua kioo cha kukuzia akanionyesha. "Tazama mistari ya ngozi ya kidole chako," alisema. "Inakwenda vizuri, ikifika kwenye chunjua inakatika na kuizunguka. Ingekuwa sugu, mistari ingepita juu yake." Kisha kwa kisu kidogo alikwangua juu ya moja yao, vikatokea vitone vyeusi kama ncha za sindano. Nikasema, "Hiyo ndiyo mizizi." Akacheka. Alisema kila mtu huiita mizizi, na ndiyo maana watu hujikata kwa wembe wakitaka kuing'oa. Chunjua haina mizizi. Inakaa katika tabaka la juu la ngozi, na vile vitone ni mishipa midogo ya damu iliyoganda ndani yake.

Akaniambia kwamba chanzo chake ni virusi vya jamii iitwayo papiloma. Aina zake ni zaidi ya 200, kila aina na mahali pake ipendapo. Nyingine hupenda vidole, nyingine nyayo, na nyingine, zilizo mbaya, huleta saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake. Mwaka 2015, nchi yetu ilipoanza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya saratani hiyo, nilikumbuka maneno yake, nikaweza kumweleza mama kwamba zile za mikono yangu zilikuwa aina nyingine kabisa. Alisema virusi huingia penye mkwaruzo mdogo, hasa ngozi ikiwa imelowa, na chunjua hutokea baada ya majuma au hata miezi mingi, hata mtu hawezi kujua aliipata wapi. Aliitazama midomo yangu, akatazama kucha zangu zilizotafunwa, akasema, "Hizi nyingine umezipanda mwenyewe." Chura hakutajwa. Nilipomtaja mimi, alisema chura ana ngozi yake na mashaka yake mwenyewe.

Miaka kadhaa baadaye, katika maktaba ya chuo, nilisoma habari za daktari wa Kiitaliano, Giuseppe Ciuffo, ambaye mwaka 1907 alizisaga chunjua, akayachuja maji yake kwa kichujio kisichopitisha bakteria, akajidunga mkononi mwake. Chunjua zikaota. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa mdudu wake ni mdogo kuliko bakteria. Nilimheshimu mtu huyo, nikafikiri pia kwamba rafiki yangu wa kichupa angelipatana naye vizuri.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Mama yule aliniuliza kama kuna jambo jingine linalonisumbua, nami sikuweza kulisema. Mjomba ndiye aliyelisema. Hakucheka, wala hakushangaa. Alieleza kwamba watoto wengi wenye afya njema hupata chunjua. Ila kweli mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua huweza kuota nyingi sana, tena sugu kwa dawa. "Zako kumi na moja hazinitishi," alisema, "lakini uvumi huo unakula moyo wako, basi tupime tuumalize." Wakanichoma kidole. Nilikaa kwenye lile benchi dakika ambazo ni ndefu kuliko mwaka wa kidato cha pili. Nilipoitwa, aliniambia sina virusi vya ukimwi. Mjomba alivua kofia yake. Nilipotaka kuinuka, mama yule alinizuia, akasema maneno haya: "Na hata ungalikuwa navyo, mwanangu, wenzako wasingalivipata kwa kula posho uliyowapakulia. Hilo nalo ulijue, maana huenda mmoja wao anavyo na amenyamaza."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimejihesabu kuwa ndimi pekee niliyeteseka katika bweni lile.

Sasa dawa. Nalitazamia jambo kubwa, mashine au upasuaji. Nilipewa kopo dogo la marhamu yenye asidi ya salisiliki, iliyochanganywa pale pale hospitalini. Kila usiku niloweke mikono katika maji ya vuguvugu kwa robo saa, nisugue chunjua kwa jiwe langu mwenyewe nisilomwazima mtu, nizungushie vaselini kwenye ngozi nzima ili isiungue, nipake marhamu juu ya chunjua tu, nifunge plasta. Kwa muda gani? Miezi mitatu. Nilikata tamaa pale pale. Nikamwuliza kama hakuna njia ya haraka. Alisema ipo ya kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini wao hawakuwa nayo wakati ule, kwa kuwa huchukuliwa katika chupa maalumu na hupotea hewani upesi. Tena huuma, na hurudiwa kila baada ya majuma mawili au matatu. Akaongeza kwamba kwa watoto chunjua nyingi huondoka zenyewe katika miaka miwili, mwili ukishamtambua adui. "Dawa humsaidia mwili kumwona," alisema. Kisha, kwa ukali kidogo: "Na hiyo betri uiache kwenye gari." Alimtazama mjomba kana kwamba betri ilikuwa yake.

Nilirudi shuleni na kopo langu. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa akileta maji ya vuguvugu kutoka jikoni kila usiku, kwa kopo lile lile la plastiki. Majuma matano sikuona lolote ila ngozi nyeupe iliyobanduka. Niliacha siku mbili, akanikasirikia, nikaanza tena. Juma la saba ile ya kando ya ukucha ilitoka yote katika plasta, na chini yake palikuwa laini. Kufika juma la kumi na moja zilibaki tatu. Ajabu ni kwamba za mkono wa kushoto, ambazo wakati mwingine nilikuwa naona uvivu kuzipaka, ziliondoka zote katika juma moja. Ile ya pete ndiyo iliyokaa mwisho, ikaondoka Machi mwaka 2012. Kovu la betri ndilo lililobaki.

Upawa nilikuwa nimeurudishiwa kabla ya hapo, mpishi mkuu hakutaka kusikia maneno. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya sufuria na plasta zangu vidoleni, na mstari ulikuwa upande wa pili kama zamani. Rafiki yangu alitoka katika mstari ule, akaja peke yake na sahani yake, akasema kwa sauti kubwa nimwongeze. Nilimwongeza mpaka sahani ikainama. Mvulana mwingine alipoiona sahani ile alihama. Basi wakahama wengi. Siwezi kusema kama walihama kwa urafiki au kwa posho.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule kijana wa mwaka jana. Tuliketi chini ya mwembe ulio nyuma ya ukumbi, hotuba zikiendelea. Zake zilikuwa tisa, na mbili alikuwa amekwisha kuzikata kwa wembe. Nilimwambia asizikate tena, na asiazime taulo wala kikata kucha. Nilimwambia aende hospitali ya wilaya, asiulize "dawa ya chunjua", bali aulize siku ya kliniki ya ngozi na kama yuko afisa aliyesoma Moshi. Na akikosa, kule Mbarara kuna chuo kikuu kinachofundisha madaktari bingwa wa ngozi, na Kampala wapo pia. Aliandika yote nyuma ya ratiba ya mkutano. Kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ya chini, akitazama majani. Lilikuwa lile lile ambalo mimi nilishindwa kulisema mwaka 2011, naye alilisema mwenyewe.

Nikamjibu kama nilivyojibiwa. Mwezi uliopita nilipata barua yake fupi: kliniki ni siku ya Jumanne, kopo la kwanza limekwisha, na zimebaki nne.